Uchumi unakua kila mwaka, mbona mama yangu alirudi shambani? (Uzi mrefu kidogo, unahusu korosho na ajira)

Mwana wa Newala (mleta uzi):

Wakuu kwema? Leo Kariakoo mvua imepiga toka asubuhi, nimejibanza chini ya turubai na kava zangu za simu na protekta, mteja hakuna, nikasema bora niandike hiki kitu kinachonikaa kooni siku nyingi. Ni kirefu, mvivu wa kusoma apite tu hatugombani.

Kila bajeti tunaambiwa uchumi umekua asilimia 5, 6, mara 7. Na sio uongo. Toka 2000 mpaka kabla ya korona tulikuwa tunacheza kwenye 6 na 7 karibu kila mwaka, Julai 2020 Benki ya Dunia ikatupandisha uchumi wa kati daraja la chini. Mimi nimesomea koroboi na leo kwa mama kuna taa na kifriji kidogo cha kuuzia barafu. Kwa hiyo sijaja kubishana na namba. Nimekuja kuuliza hawa watu wanaotoka shambani kila mwaka wanaenda kutua wapi, maana kwangu mimi swali la ajira ndo liko hapo.

Kilimo kinatoa kama robo na kidogo ya pato la taifa ila kimebeba zaidi ya nusu ya watu wanaofanya kazi nchi hii. Gawanya mwenyewe uone kila kichwa kinaambulia nini. Wenzetu waliotajirika watu wao walitoka shamba wakaingia kiwandani, mtu yule yule, mikono ile ile, lakini kwa siku anazalisha mara kadhaa ya alichokuwa anazalisha na jembe. Sisi tumetoka shamba tukaruka kiwanda tukatua kwenye bodaboda na genge la nyanya.

Sasa nisipige porojo za jumla, niwapeleke kwetu kusini.

Miaka ya 70 mwanzoni Tanzania ilikuwa inavuna korosho mpaka tani 145,000 kwa msimu. Serikali ikaona kwa nini tuwapelekee Wahindi ghafi wakabangue wao, ikakopa, vikajengwa viwanda 12 vya mashine za Kitaliano na Kijapani vyenye uwezo wa kubangua zaidi ya tani laki moja kwa mwaka. Wazo zuri kabisa. Ila wakati huo huo watu walishahamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, mikorosho imebaki porini kilomita kadhaa hakuna wa kuipalilia, bei ya kununulia iko chini, ugonjwa wa ubwiriunga nao ukaingia kwenye maua. Kufika 1986/87 mavuno yameshuka chini ya tani 20,000 nchi nzima. Kiwanda cha kubangua bila korosho ni ghala la popo tu. Vingi vilikufa hata rangi haijapauka.

Na vijana wa Lindi na Mtwara wa kipindi hicho wakafanyaje? Wakapanda mabasi, siku mbili tatu njiani kwenye tope la Rufiji, wakaja Dar kutembeza viatu, madaftari, vitana, wameshika mkononi. Watu wa Dar wakawaita Wamachinga. Leo hata Mchaga na Msukuma akitembeza soksi anaitwa machinga, serikali nayo inaandika machinga kwenye barua. Yaani jina la kazi ya mjini limetoka kwa watu ambao zao lao lilikufa na viwanda vyao vikafa. Mimi ni machinga wa kusini na wa kazi, vyote viwili 😅

Baadaye dawa ya salfa ya kupulizia ikaja, mikorosho ikapona, zao likafufuka. 2017/18 tulivuna kama tani laki tatu, msimu wa 2024/25 tukavuka tani laki tano. Hapo uchumi umekua au haujakua? Umekua vizuri tu. Lakini nyingi sana inaondoka ghafi bandarini Mtwara, inaenda Vietnam na India.

Mama yangu alipata kazi kwenye kiwanda cha mtu binafsi 2004. Niwaeleze ile kazi ilivyo maana wengi mnazila tu baa. Korosho inachemshwa kwa mvuke, inamwagwa chini inalala ipoe. Kesho yake mama anakaa mezani kwenye kimashine cha visu viwili na pedali, anaweka korosho moja, anakanyaga, visu vinabana, anavuta mkono wa mashine ganda linafunguka. Moja moja hivyo hivyo kutwa. Ukiwa na pupa punje inavunjika, na malipo ni kwa kilo za punje nzima. Lile ganda lina mafuta meusi yanababua ngozi, walikuwa wanajipaka mafuta ya kula na majivu, na bado jioni vidole vimekuwa vyeusi kama kachovya kwenye lami. Mama alikuwa anakula ugali na kijiko. Kwa Mmakonde hiyo ni aibu, ila alikuwa anakula na kijiko na anacheka.

Hela haikuwa ya kutisha. Lakini ilikuwa inakuja kila wiki mbili, na inakuja mpaka Machi, Aprili, miezi ambayo kule kwetu hela haionekani mpaka msimu mwingine. Mimi nimemaliza form four kwa kile kimashine. 2012 msimu ulipoisha wakaambiwa mkapumzike mtapigiwa simu. Simu haijaita mpaka leo, amerudi kupalilia.

Swali langu, tunakosea wapi? Uchumi unakua, zao linakua, kazi inapungua.

Kijiwe Nongwa:

Uzi mzuri ila mkuu tusijidanganye vijana wa sasa kazi hawataki. Mpe kazi ya kubangua kijana wa leo siku ya pili anakwambia mgongo, siku ya tatu yuko kwenye mkeka anabeti. Ajira zipo watu hawapo.

Mwana wa Newala:

@Kijiwe Nongwa kwenye kile kiwanda siku wanaita watu getini walikuwa wanasimama wanawake toka saa kumi alfajiri na kanga kichwani, wengine na mtoto mgongoni, wanachukuliwa wachache wengine wanarudishwa. Huo uvivu ulikuwa wapi. Na anayebeti hana kazi, ndo maana ana muda.

Bumu Halitoshi:

Mimi niko mwaka wa tatu uchumi, Dodoma, ngoja nichangie kabla bando halijakata.

Moja, mkiona takwimu za ukosefu wa ajira bongo zinazunguka asilimia 9 au 10 msishangae, kwa vipimo vya kimataifa mtu akifanya kazi hata saa moja kwa wiki anahesabiwa ameajiriwa. Sisi tumebana kidogo kipimo chetu lakini bado, mama anayeuza karanga kwenye sahani ana kazi, bodaboda aliyepata abiria wawili toka asubuhi ana kazi, na nchi masikini huwezi kukaa bure maana hamna wa kukulisha, kwa hiyo tatizo letu halionekani kwenye ile asilimia, linaonekana kwenye kipato cha hiyo kazi. Ndo maana hata uchumi ukikua ile namba haisogei sana na watu wanaona wanadanganywa.

Pili alichoandika mleta uzi kuna mzee alikiandika 1954, Arthur Lewis, mtu wa kisiwa cha St Lucia, alipata Nobeli ya uchumi 1979. Alisema hivi, kijijini kuna watu wengi kuliko kazi, ukiwatoa baadhi mavuno hayapungui kivile, kwa hiyo viwanda vya mjini vinaweza kuwavuta kwa mshahara mdogo tu juu ya wanachopata kijijini, faida inarudishwa kujenga viwanda vingine, mpaka siku watu wa ziada wanaisha na hapo ndo mishahara inaanza kupanda. Wachina wamepita humo humo. Bongo nusu ya hadithi imetokea, watu wamekuja mjini, ila ile sehemu ya kuwavuta haikuwepo. Wamesukumwa hawajavutwa. Na tunaongezeka jamani, sensa ya 2012 tulikuwa milioni 44.9, ya 2022 milioni 61.7.

Mwana wa Newala:

"Wamesukumwa hawajavutwa." Dogo hapo umemaliza, bumu likitoka uninunulie chai.

Niongeze na gesi. 2013 Mtwara ilichafuka watu hawataki bomba liende Dar, wanataka viwanda vije kule. Bomba likajengwa, 2015 likakamilika. Wakati wa kuchimba mtaro na kuchomelea vijana wengi walipata vibarua, guest zilijaa, mama ntilie wakapandisha bei ya sahani, vyumba vya kupanga havishikiki. Bomba lilipofukiwa, kwisha habari. Gesi inatembea yenyewe, haihitaji mtu kuisukuma. Kwenye pato la taifa inahesabika kila siku, kwenye kijiwe cha pale stendi haimhesabu mtu. Dhahabu ya Geita nayo hivyo hivyo, inaleta dola nyingi kweli, ila lori moja kule linabeba mzigo wa watu mia na beleshi zao. Silaumu lori. Nasema tu uchumi unaweza kukua kwa kitu kisichohitaji watu.

Shangazi Tandahimba:

Wanangu shikamooni hamjambo, maana humu mnaandika kama vile mkulima hayupo.

Mimi nina ekari zangu za mikorosho, napulizia mwenyewe na wajukuu. Oktoba 2024 mnada wa kwanza huku kwetu bei ilivuka 4,000 kwa kilo, moyo wangu ukatulia. Nimeezeka bati, nimemlipia mjukuu ada ya chuo. Sasa mnaposema ghafi isiende nje, ibaki kwa wenye viwanda, mwanangu nani atanipa hiyo 4,000? Mwenye kiwanda cha hapa akija mnadani anakuta wanunuzi wa nje wana hela ya mkupuo, yeye ana mkopo wa benki wenye riba, lazima ashindwe. Mkimlinda kwa kuwazuia wale wengine, bei inashuka, na mnakuwa mmechukua hela yangu mkampa yeye. Hiyo nayo mnaiita ajira?

Tumeshayapata mengi. Kuna miaka ya kangomba, mtu anakuja na kibaba jioni una njaa unampa korosho kwa bei ya kutupa. Kuna 2018 wanunuzi walipokataa bei serikali ikasema itanunua yenyewe 3,300 na wanajeshi wakaja kusomba. Mimi stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kupeleka korosho ghalani ziuzwe mnadani, naipenda pamoja na makato yake yote yale, naiona bei ubaoni kwa macho yangu.

Halafu na kazi huku ipo, msiseme haipo. Oktoba mpaka Desemba vibarua wa kuokota nawatafuta kwa tochi. Shida ni Januari. Mabibo yameisha, uraka (pombe ya mabibo) umekauka, vijana wamekaa chini ya mwembe wanaangaliana, wakichoka wanapanda basi kuja huko kwenu.

Mwana wa Newala:

Marahaba shangazi, yaani shikamoo mimi ndo nikupe. Umenipiga pazuri. Mimi sitaki bei yako ishuke hata shilingi, mama yangu naye ni mkulima anakula bei hiyo hiyo. Nachosema hiyo Januari uliyoitaja ndo pengo lenyewe. Kiwanda kinachobangua mwaka mzima kinaijaza Januari mpaka Septemba.

Ila mtego wake ndo huu, na niliuelewa baada ya kuongea na jamaa aliyekuwa mhasibu pale kwa mama. Korosho inavunwa miezi mitatu. Mwenye kiwanda inabidi ndani ya hiyo miezi mitatu anunue mzigo wa miezi 12, alipe keshi, auweke ghalani, abangue kidogo kidogo huku riba inamtafuna. Kilo nne hivi za ghafi ndo upate kilo moja ya punje. Bei ya dunia ikianguka mwezi wa tano amelala yoo na mzigo alionunua ghali. Mwenye kupeleka ghafi Vietnam ananunua Novemba anauza Desemba, hela imerudi. Sasa wewe ungekuwa na mtaji ungeuweka wapi? Mimi mwenyewe na mapenzi yangu yote kwa mama ningepeleka ghafi.

Mzee wa Zamu ya Usiku:

Nawasoma tu vijana. Mimi nimefanya kiwanda cha nguo Dar toka 1976, sitakitaja jina. Wakati huo nguo zilikuwa zinafumwa Dar, Mwanza, Musoma, Morogoro, Arusha. Urafiki pale Ubungo tulijengewa na Wachina miaka ya 60 mwishoni. Zamu tatu, mashine hazilali, ukitoka usiku unatoka na pamba kwenye nyusi kama mzee wa miaka 80.

Sasa msivifanye vile viwanda kuwa pepo. Dola zilipokosekana spea hamna, umeme ukikatika tunacheza bao mpaka asubuhi na mshahara tunalipwa. Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kupeleka viatu mpaka Ulaya, hakikuwahi hata kukaribia uwezo wake, 1990 kikafungwa. Tulikuwa na ajira lakini uzalishaji hatuna. Nyinyi mna ukuaji lakini ajira hamna. Sijui nani kati yetu kapata hasara zaidi.

Mitumba ilipofunguliwa miaka ya 80 katikati ndo msumari wa mwisho. Mke wangu alikuwa wa kwanza kununua. Ningemkatazaje, shati la mtumba bei nusu na halichuji. Kisha 1992 ikaundwa tume ya kubinafsisha mashirika ya umma, tukaitwa mmoja mmoja kupewa bahasha. Nilinunua cherehani na baiskeli. Baiskeli iliibwa.

Kijiwe Nongwa:

Mzee hiyo ya baiskeli imeniuma 😂😂

Lakini swali, Kenya wao si wana viwanda vya nguo wanauza Marekani? Mbona wao wameweza?

Sindano ya Athi:

Niaje watu wa huko. Niko Athi River, nimeshona kwa EPZ, hizi viwanda za kuuza nje, karibu miaka tisa sasa. Ni kweli kazi iko, sisi wamama ndio wengi kwa laini, na bila hii ningekuwa bado nachuma chai ya wenyewe. Lakini msione ni raha. Mimi huweka mfuko wa nyuma wa jinzi. Hiyo tu. Mfuko wa nyuma, kulia. Supavaiza anapita na kitabu kila saa anaandika umefikisha ngapi, target ikikushinda unabaki. Nikimaliza nyumba na nauli na kutumia mama pesa nyumbani, mwisho wa mwezi nimebaki na stori.

Na kitu nyingine, hizi order zetu zilijengwa juu ya AGOA, ile sheria ya Marekani ya 2000 iliyoturuhusu kuuza huko bila ushuru. Wakianza kuvutana huko Washington, sisi huku contract zinakuwa za miezi mitatu mitatu. Waethiopia walijenga park kubwa Hawassa, ikafunguliwa 2016, wasichana wengi wakaingia, ikafika Januari 2022 wakatolewa kwa AGOA sababu ya vita. Hebu fikiria uko kwa cherehani yako hujui hata nani anapigana.

Bado nachagua mfuko wa nyuma kuliko kukaa.

Bumu Halitoshi:

Dada pole ila asante sana hii ni darasa kuliko la asubuhi.

Kuna kitu kinanitisha zaidi wakuu, ule mlango wa kiwanda wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Vietnam ndo inaongoza duniani kuuza korosho iliyobanguliwa na siku hizi kule wanabangua kwa mashine, ile kazi ya mama wa mleta uzi inafanywa na chuma, kompyuta ina kamera inachambua madaraja kwa rangi. Kwa hiyo hata tukijenga viwanda leo ili tushindane nao tutalazimika kuweka mashine zile zile, na kiwanda cha mashine zile hakiiti wanawake getini saa kumi alfajiri. Dani Rodrik wa Harvard anasema nchi nyingi masikini zinaanza kupoteza viwanda kabla hazijatajirika, ajira ya kiwandani inafika kileleni mapema na kilele chenyewe kifupi. Wao walipanda ngazi, sisi tumefika ngazi imepunguzwa vidato.

Mwana wa Newala:

Sasa dogo unataka tulale? Ivory Coast ndo wanaongoza Afrika kwa mavuno, walikuwa wanapeleka ghafi karibu yote kama sisi, serikali yao ikaanza kuwalipa wabanguaji ruzuku kwa kila kilo wanayobangua ndani, sasa hivi kiasi wanachobangua kimepanda sana. Hawajamnyang'anya mkulima, wamemlipa kiwanda. Shangazi hiyo unaionaje? Ushuru wa ghafi inayotoka si tunakata hapa hapa, asilimia 15, sehemu ya hiyo hela ikimbebea mwenye kiwanda riba ya ghala mbona Januari inapata kazi.

Hata kiwanda cha mashine kikiajiri wachache, wale wachache wanakula wapi? Lazima kuna fundi, dereva, mpishi, mlinzi, mwenye kushona magunia. Machinga wa Newala atauza kava Newala. Mimi hapa nimehamishwa barabarani Oktoba 2021 kama wenzangu wote, nimezunguka weee nimerudi huku pembeni, kila nikitoka kukojoa nakuta vijana wawili wapya wamepanga kava zile zile, bei ile ile, tena wa kule kule kwetu. Abiria ni wale wale, simu ni zile zile, tunagawana tu. Huko ndo uchumi wa huduma unaoambiwa unakua.

Shangazi Tandahimba:

Wakinikata kwenye ushuru ambao tayari wanakata sina neno, maana sasa hivi sijui unaenda wapi. Ila waandike ubaoni kama wanavyoandika bei, niuone.

Mwana wa Newala:

Sawa shangazi. Mvua imekata nafunga uzi nikauze. Nimempigia mama sasa hivi kumuuliza mwaka waliofunga kama ni 2012 kweli nisije nikawadanganya watu, akasema ndiyo 2012, akanyamaza kidogo akaniuliza, "Kwani wanafungua?"

Nimekosa cha kumjibu nikamwambia salio linaisha.

Shangazi Tandahimba:

Mwambie kuna kikundi cha kina mama huku tunabangua wenyewe kwa mkono, mashine tunazo sita, mbili pedali zimekatika. Tunauza kwenye maboksi kwa wasafiri wa stendi, hela ni ndogo na inategemea mabasi. Kama vidole bado vinakumbuka aje, majivu aje nayo.

Kijiwe Nongwa:

Shangazi boksi moja bei gani nitumie namba inbox

Mzee wa Zamu ya Usiku:

Na pedali zikikatika mlete mtu wa kuchomelea wa cherehani, ni kitu kile kile. Msinunue mpya.